SHA: ulidhani nini, ukakuta nini? Tupeane uzoefu

Mtaita_Mlolongo

Wadau, hamjambo. Uzi huu wa SHA, bima ya afya ya umma hapa Kenya, naufungua kwa sababu ya mama yangu.

Mwezi wa pili mwaka 2025 aliteleza akitoka kuchota maji, akavunjika mfupa wa paja. Zahanati ya karibu walimpa dawa ya maumivu bila kumtoza hata shilingi, wakamwandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti. Mimi nikiwa Mlolongo nikawapigia ndugu zangu, nikawaambia watulie, mama yumo SHA. Nilimsajili kwa mkono wangu kupitia *147# na ujumbe wa kuthibitisha bado ulikuwa kwenye simu. Isitoshe, mimi mwenyewe nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi.

Dirishani dada yangu akaambiwa: amesajiliwa, ila hajalipiwa.

Nilibishana na karani kwenye simu mpaka sauti ikanikauka. Alinivumilia, kisha akanieleza taratibu kwamba makato yangu yanambeba mke wangu na watoto wangu. Mama ni kaya yake mwenyewe na ana mchango wake. Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600.

Hizo 3,600 ningezituma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya matatu. Tuliuza ng'ombe wawili na tukachangisha ukoo mzima. Mama sasa anatembea kwa mkongojo, na kila nikimwona akiinuka kitini nakumbuka kwamba mwanawe msomi, aliyeajiriwa, hakujua tofauti ya kusajiliwa na kulipiwa.

Naomba kila mmoja aseme alichodhani na alichokikuta. Siasa tuziweke kando, hizo tunazisikia kila mazishi.

Mwalimu_wa_Hisabati

Pole sana ndugu, na mama apate nafuu.

Yangu ni ya makato. Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani ya serikali, mimi ndiye niliyekuwa nikisimama katika chumba cha walimu kusema kila Mkenya ataumia. Nilijitazama mwenyewe: mshahara wangu kabla ya makato ni 62,000, NHIF nilikuwa nakatwa 1,300, SHA ikaja na 1,705. Nikahukumu kwa hiyo karatasi yangu moja.

Mpishi wetu wa shule akaniletea karatasi yake nimsomee. Analipwa 18,000. NHIF alikuwa akikatwa 600, SHA wanamkata 495. Nikaona haya, maana kwa wiki tatu nilikuwa nimemtia hofu mtu ambaye mzigo wake ulipungua. Niliketi nikapiga hesabu ya viwango vyote vya zamani, nikaona mstari unapita karibu na 33,000: walio chini yake wengi wanatoa kidogo kuliko zamani, walio juu wanatoa zaidi. Na NHIF ilikuwa na dari, ukifika laki moja unalipa 1,700 hata ukiwa unapokea milioni. Dari hilo halipo tena.

Sisemi tulioongezewa tusinung'unike. Hizo 405 za kila mwezi nazihisi. Ila "kila mtu anakamuliwa" niliyokuwa nikiitangaza ilikuwa uongo, ingawa sikuusema kwa nia mbaya.

Boda_Likoni

Mimi nilisikia mahakama imeifuta sheria ya SHA, nikakaa bila kujisajili. Kweli Mahakama Kuu ilisema Julai 2024 kwamba sheria hiyo inakiuka katiba, lakini Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo na kazi ikaendelea. Habari ya kwanza ilifika stejini kwetu siku ileile. Ya pili hatukuisikia. Nimejisajili Machi baada ya mwenzetu kugongwa na lori.

MamaSamaki_Kilifi

Wenzangu, mimi ni yale maswali ya wakati wa kusajiliwa.

Alikuja mhudumu wa afya wa kijiji na simu yake, msichana tunayemjua. Akaanza: paa lenu ni la nini? Choo ni cha namna gani? Mnapikia nini? Mna mifugo? Majirani walikuwa wameshapitisha neno kwamba ni watu wa ushuru, ukitaja mbuzi utalipia mbuzi. Basi wengi walipunguza.

Mimi nikafanya kinyume. Kulikuwa na wageni, wakwe zangu, wamekaa barazani. Niliona aibu kusema mbele yao kwamba napikia kuni na choo ni cha shimo tunachogawana na nyumba ya pili. Nikajibu gesi, nikajibu choo cha ndani. Aibu ya dakika kumi ile imenigharimu. Jibu lilipotoka nikaambiwa mchango wangu ni 890 kwa mwezi, yaani 10,680 kwa mwaka, na zote kwa pamoja. Mimi nauza samaki wa kukaanga. Siku bahari ikichafuka sina hata mia.

Nilidhani maswali yale ni ya kutuhesabu tu. Hakuna aliyeniambia kwamba ndiyo mizani yenyewe, kwamba kutokana na paa, choo na jiko ndipo mashine inakadiria uwezo wa mtu asiye na karatasi ya mshahara. Ningejua, ningemvuta yule binti jikoni nikamwonyesha mafiga. Nimeomba nipimwe upya, bado nangoja.

Nesi_wa_Kituo

Asante mama kwa kusema wazi. Nafanya kazi katika kituo cha afya, ngazi ya tatu, na hili la mtoa mada nakutana nalo kila wiki, kwa hiyo nitalieleza jinsi ninavyowaeleza wagonjwa.

Ndani ya SHA kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, zahanati na vituo kama chetu. Hapo ukishasajiliwa unatibiwa bila kutoa kitu, serikali ndiyo inayolipa. Wa pili ndio wenye mchango, nao ndio unaokubeba hospitali za ngazi ya nne, ya tano na ya sita: kulazwa, upasuaji. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito ya muda mrefu, unaoendelea pale ule wa pili unapofika kikomo.

Sasa mtu anakuja kwetu na malaria, anaweka kidole, anatibiwa, anaondoka na dawa bure. Anaenda nyumbani akiamini yuko sawa. Mwaka unapita. Siku anahitaji kupasuliwa ndipo anajua. Tulimpa imani hiyo sisi wenyewe, kwa kunyamaza. Siku hizi kila ninayemsajili namwambia kabla hajainuka kitini: "Hapa umemaliza, hospitali kubwa bado."

Hata hivyo, si kila malalamiko ni kutoelewa. Mitambo huzima kweli, mgonjwa akaketi tangu asubuhi hadi saa tisa. Kuna hospitali zinazochelewa kulipwa, nazo humdai mgonjwa pesa taslimu ilhali amelipa mchango wake. Huyo hana kosa lolote, na tusimfundishe "uelewa".

Bibi_wa_Mtwapa

Mkaza mwanangu alikwenda kujifungua akijua kuna Linda Mama, ule mpango wa kujifungua bure. Mtoto wake mkubwa alizaliwa kwa mpango huo, hatukutoa kitu. Tukaambiwa Linda Mama sasa ni Linda Jamii na iko ndani ya SHA, na hakuwa amelipiwa. Akafanyiwa upasuaji. SHA ingelipa 30,000 za upasuaji huo, tukazitoa sisi. Jina lilibadilika, nasi kijijini tukabaki na la zamani.

Mke_wa_Mgonjwa

Mimi nilidhani SHA ni hewa tupu, nikamwambia mume wangu tusipoteze pesa. Yeye akalipa kisirisiri. Alianza kusafishwa damu kwa mashine mwezi wa tano, mara mbili kwa wiki, na SHA inalipa 10,650 kila kikao. Piga hesabu ya mwezi mmoja. Nisingekuwa naye leo. Dawa zingine na nauli bado ni zetu, na ni nzito, lakini mashine inalipiwa.

Boda_Likoni

Nesi, nimekusoma mara mbili. Nimepiga *147# sasa hivi, imeonyesha nimesajiliwa na mchango haujalipwa. Kumbe tangu Machi natembea hivihivi barabarani. Hizo pesa za mwaka mzima kwa pamoja sina. Nifanyeje?

Nesi_wa_Kituo

Kuna Lipa SHA Pole Pole. Unakopeshwa mchango wa mwaka, halafu wewe unarejesha kidogo kidogo. Ingia *147# tena uangalie. Ikikushinda, njoo na kitambulisho kituo chochote cha afya kilicho karibu, usingoje Jumatatu.

Mtaita_Mlolongo

Boda, ukikwama niandikie kwenye ujumbe wa faragha, tutaiangalia pamoja hatua kwa hatua. Na wenzako wa stejini waulize leo jioni, mmoja mmoja, waliosajiliwa ni wangapi na waliolipia ni wangapi.

Boda_Likoni

Nimeshawauliza. Tuko kumi na wanne. Waliosajiliwa ni kumi na mmoja. Aliyelipia ni mmoja, yule aliyegongwa na lori.