Famwea mpya, kufuli la kuchora, na nenosiri bado linapita uchi!

Mchuja Pakiti:
Wakuu, hawa jamaa mnawajua, sina haja ya kuwataja. Wametoa famwea mpya (programu inayoiendesha ruta) ya ruta zao. Wamebadilisha rangi za ukurasa wa kuingia, wamepachika na picha ya kufuli kubwa la kijani. Anwani juu? http://192.168.1.1. Ile "s" ya https, inayosimba mawasiliano yasisomeke njiani, haipo. Kufuli ni la KUCHORA!

Anayetaka kuiona fedheha yenyewe afungue Wireshark (programu ya kutazama pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni) kwenye kompyuta ileile anayotumia, aweke kichujio http.request.method == "POST", halafu aingie kwenye ruta. Afungue pakiti itakayotokea na kushuka mpaka chini kabisa. Atakuta username=admin&password= na baada yake nenosiri lote, herufi kwa herufi, hata mtoto wa chekechea analisoma. Kwenye skrini wanakuwekea vidoti vyeusi ili wewe mwenye ruta usilione, kwenye waya wanalipigia mbiu!

Wanajitetea eti ni mtandao wa ndani. Huko ndani ndiko balaa liliko! Mtu aliyemo anatuma majibu ya uongo ya ARP (njia ya vifaa kuulizana nani ana anwani ipi), anaiambia kompyuta yako kwamba 192.168.1.1 ni yeye, na kila pakiti inaanza kupita kwake. Kwenye Wi-Fi ya WPA2 ambayo wote mnatumia nenosiri moja, hata usumbufu huo hahitaji: analijua nenosiri, ananasa zile pakiti 4 za mwanzo kifaa chako kinapojiunga, basi anasoma kila usichokisimba wewe mwenyewe. Akishaingia kwenye ruta anabadilisha DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani), na DHCP (inayovigawia vifaa mipangilio) inawagawia wote anwani ya seva yake. Nyumba nzima inauliza njia kwa mwizi.

Nenosiri lote. Herufi kwa herufi. Chini ya picha ya kufuli!

Kebo Nyekundu:
Nenosiri lako angalau linapita wakati wa kuingia tu. Kuna ruta zinatumia Basic, ile inayotoa kidirisha kidogo cha kivinjari. Wanabandika jina na nenosiri kwa base64, wanaita usalama. Base64 haina ufunguo wowote, ni namna nyingine tu ya kuandika. Andika echo YWRtaW46YWRtaW4= | base64 -d uone: admin:admin. Na linatumwa kwenye KILA ombi, hata la kupakia picha ya nembo. Msikilizaji hana haja ya kusubiri uingie, ukibofya popote kalipata.

Mzee wa Poti:
Mleta uzi, kelele nyingi, kazi hakuna. Nenda sehemu ya usimamizi, washa HTTPS poti (mlango wa mawasiliano) 443, ya 80 ielekeze huko. Kwenye OpenWrt (famwea huria ya ruta) ni mistari mitatu:
uci set uhttpd.main.redirect_https=1
uci commit uhttpd
/etc/init.d/uhttpd restart
Umemaliza. Unalia nini?

Mchuja Pakiti:
Mzee, kwenye ruta hii sehemu hiyo HAIPO! Wameweka nafasi ya kuchora kufuli, ya HTTPS hawana! Na msiniletee zile zinazopitisha nenosiri kwenye MD5 (hesabu inayoligeuza kuwa mfuatano wa herufi) ndani ya kivinjari kabla ya kulituma. Kama seva haitoi namba mpya ya kuchanganya kila mara, mwizi anaurudisha mfuatano uleule kama ulivyo na anafunguliwa. Hata ikitoa, kuki ya kikao (alama inayoiambia ruta kwamba umeshaingia) inapita wazi baada ya hapo. Anaiba kuki, nenosiri la nini?

Mzee wa Poti:
Kama haipo, zima Wi-Fi, chomoa wengine wote, chomeka kebo moja, fanya kazi yako, toka kwenye kikao. Na nenosiri hilo usilitumie mahali pengine popote.

Cheti Feki:
Mnalilia HTTPS kama vile ikija imekuja salama. Wapo wanaochoma ufunguo wa siri mmoja kwenye famwea ya kila kifaa. Pakua famwea, ifungue kwa binwalk (zana ya kufumua famwea), ufunguo huo hapo, ni wa ruta zote za aina hiyo duniani. Ikiwa wanabadilishana funguo kwa RSA ya zamani, anayesikiliza tu anasoma. Ikiwa ni ECDHE (funguo za muda za kila kikao), itabidi ajifanye ruta, na ufunguo anao. Halafu kivinjari kinatoa onyo jekundu na mwongozo wao unasema "bofya endelea". Wanawafundisha watu kudharau onyo!

Nyaya Tupu:
Mnagombania mlango wa mbele, nyuma Telnet (njia ya kuiamuru ruta kwa maandishi kutoka mbali) iko wazi. Kiwango chake ni cha mwaka 1983! Kila herufi unayobonyeza inatumwa waziwazi. Programu hasidi ya Mirai mwaka 2016 ilipita hapohapo, poti 23 na 2323, ikijaribu orodha ya majina na nenosiri 60 na kitu za kiwandani. Pigeni nmap -p 22,23,80,443,7547 192.168.1.1 muone poti zipi ziko wazi kabla ya kuongea. Wenye Cisco, kwenye line vty wekeni transport input ssh (SSH ni mbadala wa Telnet unaosimba), kisha no ip http server.

Kebo Nyekundu:
Umesahau SNMP, ya kusimamia vifaa vya mtandao. UDP 161, toleo la 2c, neno la jumuiya (ndilo nenosiri lake) "public", nalo linapita wazi vilevile. Hiyo nmap yako ya TCP haitaiona, piga nyingine ya -sU -p 161.

Mchuja Pakiti:
Wakuu, na kufuli je?

Cheti Feki:
Achana na kufuli. Nyaya Tupu, poti 7547 ukiizima mbona inarudi?

Nyaya Tupu:
Ni TR-069, njia ya mtoa huduma kuisimamia ruta kutoka mbali. Mtoa huduma ana seva yake, ruta ikiripoti kwake anaisukumia mipangilio upya na ya kwako inafutwa. Ukiizima kwenye menyu ya mteja haisaidii. Omba akaunti ya juu, au weka ruta yako nyuma ya ya kwao na ya kwao uigeuze daraja, ipitishe data tu.

Cheti Feki:
Hiyo akaunti ya juu hawatoi kabisa! Naenda kuifungulia uzi wake.