Mke wangu aache kazi tuchukue hela ya NSSF? Mtoto wa tatu yuko njiani

Fundi Friji Temeke
Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri, matusi wekeni pembeni.

Tunatarajia mtoto wa tatu. Mke wangu kaajiriwa kiwandani hapa Dar, mimi nimejiajiri, ni fundi wa friji na AC. Kipato changu leo kipo, kesho hakipo. Kodi ya nyumba, ada ya chekechea ya mkubwa, hela ya dada wa kazi, vyote vinaegemea mshahara wake. Kila nikipiga hesabu ya miezi atakayokaa nyumbani naona giza, usingizi wenyewe sipati.

Wazo langu ni aandike barua ya kuacha kazi, achukue michango yake yote ya hifadhi ya jamii kule NSSF, tufungue duka la vinywaji na vipodozi. Alee mtoto huku anauza. Swali ni moja tu kwa waliopitia: NSSF wanachukua muda gani kulipa?

Mzee wa Vikoba
Duka la vinywaji mwaka wa kwanza unakula mtaji, nakuambia ukweli. Mimi nilifungua Mbagala 2016, mtaji wa kikoba. Jirani alikopa soda za harusi ya mdogo wake, mpaka leo ile ndoa ina watoto na soda hazijalipwa. Ukifungua, andika ukutani kabisa kwamba hukopeshi.

Binti Usagara
Kipato leo kipo kesho hakipo, na bado mnaenda wa tatu? Uzazi wa mpango zahanati za serikali ni bure. Watoto ni baraka lakini tuwaonee huruma.

Kataa Ndoa Daima
Tuliwaambia, mkatucheka 😂

Mama Wawili
Hongereni kwa ujauzito. Ila mbona unaruka kitu cha kwanza? Mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84 na mshahara wake kamili, akijifungua pacha ni 100. Na NSSF kuna fao la uzazi kama amechangia miezi 36, ilimradi michango 12 iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Mtu hawezi kuacha hayo yote akakimbilia barua ya kuacha kazi. Kuna jambo hujatuambia.

Fundi Friji Temeke
Likizo haitusaidii, dada yangu. Mimi nimeuliza muda wa kulipwa tu.

Mama Wawili
Mtoto wa pili ana umri gani?

Baba Pendo
Mnaongelea siku 84 za mama, sisi akina baba sheria inatupa siku tatu, tena uzichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Wa kwangu alizaliwa kwa upasuaji. Siku ya nne niko kazini, mama hawezi hata kuinama kumwokota mtoto. Hili bunge liliangalie.

Mkenya wa Tanga
Kwetu Kenya ni wiki mbili kwa baba na miezi mitatu kwa mama, zote na mshahara. Iko kwenye sheria ya ajira ya 2007. Lakini kuna waajiri ukiomba hizo wiki mbili wanakuuliza kama ni wewe uliyezaa.

Mama Wawili
Fundi, nimekuuliza umri wa mtoto wa pili.

Fundi Friji Temeke
Sawa. Ana mwaka na kidogo, bado ananyonya. Likizo yake mama alichukua, na NSSF walimlipa fao la uzazi. Sasa HR kamwambia kwa mdomo kwamba hakuna likizo ya malipo nyingine mpaka ipite miaka mitatu tangu ile. Akijifungua atakaa nyumbani bila shilingi. Ndiyo maana nasema bora atoke mwenyewe kwa heshima. Na si kwamba nimekurupuka: fremu ya duka nimeshaitolea advansi Rangi Tatu, barua nimeshamwandikia, imebaki sahihi yake.

Mama Wawili
Barua ya kuacha kazi UMEMWANDIKIA? Yeye anasemaje?

Fundi Friji Temeke
Sijampa bado. Anarudi amechoka, miguu imevimba, sitaki kumpa presha. Nikishajua hela inatoka lini ndipo tutakaa tuongee.

Karani Mstaafu
Kijana, simama hapo hapo. Hilo unalolitegemea ni fao la kujitoa, na lilifutwa 2018. Mtu akiandika barua ya kuacha kazi hapewi michango yake akafungulie duka. Kilichowekwa badala yake ni fao la kukosa ajira: aliyechangia miezi 18 na kuendelea analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Na hilo ni la aliyeachishwa. Aliyeacha kwa hiari yake hana hata hilo. Ukimsainisha ile barua, mkeo anakosa mshahara, anakosa fao, na wewe fremu inakudai kodi.

Fundi Friji Temeke
Mzee, mbona jirani yangu aliacha kazi akalipwa zote, akanunua bajaji mbili?

Karani Mstaafu
Mwaka gani?

Fundi Friji Temeke
2015.

Karani Mstaafu
Umejijibu.

Nesi wa Zamu
Na bima ya afya? Kama kazini wanakatwa NHIF, ile asilimia 6 mwajiri anabeba nusu, na kadi inamchukua mwenza pamoja na wategemezi wanne. Akitoka kazini kadi inakufa, na mimba ni ya miezi mingapi sasa, mitano? Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bure, lakini mimi niko wodini, nawaona wanaume wanavyotumwa usiku duka la dawa kutafuta glovu na nyuzi. Ukipata mtoto wa kulazwa ndipo utaikumbuka ile kadi. Ulipaji wa deni la hospitali haungojei duka lichangamke.

Jicho la Mwewe
Samahani wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Mwezi wa nane huyu huyu alifungua uzi akasema mkewe yuko masomoni Dodoma mwaka mzima na anashindwa kuvumilia. Leo mke yuko kiwandani Dar na ana mimba ya miezi mitano. Pigeni hesabu.

Kataa Ndoa Daima
😂😂 Leteni vitafunwa.

Binti Usagara
Nilihisi tangu mwanzo. Mwanaume gani anamwandikia mke barua ya kuacha kazi bila mke kujua?

Mzee wa Vikoba
Wapo. Shemeji yangu mmoja alimuuzia mkewe cherehani.

Fundi Friji Temeke
Ule uzi wa Dodoma aliandika mdogo wangu, tulikuwa tunatumia simu moja. Mimi nina shida ya kweli hapa mnaniita mtunzi. Mnataka tarehe? Mke wangu aliajiriwa Februari 2020, kiwanda hicho hicho mpaka leo. Mtoto wa kwanza Agosti 2021, NSSF hawakulipa kwa kuwa michango ilikuwa haijafika 36, kiwanda ndicho kilichompa mshahara wa likizo. Wa pili Novemba 2024. Huyu anatarajiwa Aprili 2026. Haya, tafuteni chai hapo.

Jicho la Mwewe
Mtu anayesema kweli hapandishi hasira.

Wakili wa Kijiweni
Muacheni kwanza. Hizo tarehe ndizo nilizokuwa nazingojea, maana HR kachanganya vitu viwili.

Miaka mitatu tangu uzazi uliopita ni sharti la NSSF kwa fao lao. Hapo kweli hapati, mpaka Novemba 2027. Lakini likizo ya mwajiri iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kifungu cha 30 kinasema mzunguko wa likizo ni miezi 36 inayohesabiwa tangu mtu ALIPOANZA KAZI kwa mwajiri huyo. Tarehe ya kuzaliwa mtoto haihusiki.

Hesabu sasa. Mzunguko wa kwanza ni Februari 2020 hadi Januari 2023, ndimo alimozaliwa wa kwanza. Wa pili unaishia Januari 2026, ndimo alimo wa Novemba 2024. Wa tatu unaanza Februari 2026, na mtoto anakuja Aprili. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, kwa hiyo Machi, bado yumo ndani. Anadai siku 84 zake na mshahara. Kifungu cha 33 kinambana mwajiri kutoa likizo hiyo mara nne, hii ni ya tatu.

Haraka iko hapa: taarifa ya maandishi itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Leo tuko Desemba. Apeleke wiki hii. Wakimfukuza kwa ajili ya mimba, kifungu cha 37 kinakataza. Akirudi kazini anazo saa mbili kwa siku za kunyonyesha, azidai pia.

Tatizo linaweza kuwa tarehe ya mkataba. Kama Februari 2020 alianza kama kibarua na mkataba ukaja baadaye, hapo ndipo watakapombana.

Fundi Friji Temeke
Nimesoma mara mbili, wakili. Mungu akubariki. Lakini siku 84 zikiisha maisha ni yale yale, watoto watatu, mshahara mmoja na nusu. Duka bado nalihitaji. Na advansi hairudishwi.

Mama Wawili
Fremu ingia wewe na friji zako, fundi bila kijiwe anapoteza wateja. Duka lake likiwa ni lazima, akishapona ajiunge na kikundi cha akina mama mtaani kwenu waombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ina nne za wanawake. Si lazima lijengwe juu ya kazi yake. Na huo uzi mwonyeshe leo.

Fundi Friji Temeke
Karudi shifti. Anausoma.

Fundi Friji Temeke
Ni mimi mke wake. Nilikuwa sijui habari ya barua wala ya fremu, hilo tutaongea wenyewe ndani. Kuacha kazi sijawahi kusema. Wakili, mkataba wangu ninao sandukuni, umeandikwa tarehe 3 Februari 2020, kibarua sikuanzia. Kliniki naenda kesho, nitaomba cheti. Hiyo taarifa niiandike kwa Kiswahili au wanataka Kiingereza?

Jicho la Mwewe
Hadi mke katokea 😂 sisemi tena.

Wakili wa Kijiweni
Kiswahili kinatosha kabisa, dada. Taja tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya matarajio, na siku unayotaka likizo ianze. Toa nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo wewe. HR akikataa kugonga, niandikie hapa.