Povu jeupe au uso wa mtu: mpiga picha alinde kipi?

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Wapiga picha wenzangu wa Kisumu, Nakuru na kwingineko, naomba tulijadili jambo hili waziwazi. Kwenye shindano moja la picha, waamuzi waliiondoa shindanoni picha ya kijana akiteleza na ubao juu ya wimbi kule Kilifi. Sababu ilikuwa moja tu: povu limeungua, yaani limepata mwanga mwingi mno hadi halina kitu ndani. Kweli, sehemu ya wimbi ilikuwa nyeupe tupu. Lakini uso wa kijana ulionekana wote, macho yamekazwa, maji yanamtiririka shavuni. Picha waliyoipitisha badala yake ilikuwa na povu safi, matone unayahesabu, na aliyesimama juu ya ubao alikuwa kivuli cheusi kisicho na uso.

Msimamo wangu ni kwamba waamuzi walikosea. Povu kuungua peke yake kusiwe sababu ya kutupa picha ya mtu mweusi.

Kipimo cha mwanga cha kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Povu likijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga ili povu liwe kijivu, na uso mweusi unazama. Maji ya buluu iliyoiva yakijaa, inaongeza mwanga na povu linaungua. Kati ya povu kwenye jua na ngozi nyeusi kuna stopu tatu hivi (kila stopu ni mwanga mara mbili ya iliyo chini yake), na sisi tulio karibu na ikweta tunajua jua la saa sita linavyoangusha kivuli cha paji la uso machoni. Ukifuata kanuni ya kulinda nyeupe kwanza, anayelipa ni yule mwenye ngozi nyeusi.

Jambo hili lina historia. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya Kodak walisambazia maabara za kusafisha picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa sahihi, zetu zikasahihishwa kwa kumfuata yeye. Miongoni mwa waliolalamika hadi filamu ikaboreshwa ni watengenezaji wa chokoleti na fanicha, kwa sababu rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutoka vizuri. Inaniuma kwamba fanicha zilisikilizwa kabla ya watu. Na hata mwaka 2021 Google bado walikuwa wanatangaza marekebisho ya kamera za simu zao, Real Tone, ili ngozi nyeusi itoke ilivyo.

Mchangiaji, Nakuru

Ndugu yangu wa Kisumu, historia hiyo naikubali, lakini kwenye ufundi hatuko pamoja. Mimi hupiga picha za ndege, mwari weupe wa Ziwa Nakuru. Sensa, kile kidude cha kamera kinachopokea mwanga, ni ndoo: ikishajaa, maji mengine yanamwagika na huyapati tena. Unyoya ulioungua hauna kitu ndani, hata uuhariri usiku kucha. Kivuli kina kitu. Basi piga faili ghafi, lile ambalo kamera haijalichakata, punguza stopu moja, ukifika nyumbani inua vivuli, yaani ongeza mwanga sehemu za giza kwenye kompyuta. Utapata povu na uso, vyote viwili. Tena doa jeupe kubwa linavuta jicho, mtazamaji anamwacha mtu anaangalia doa. Waamuzi hawakuonea mtu hapo, walidai kazi ikamilike.

Mchangiaji, Webuye

Mimi nasema mnagombania saa. Napiga watu picha kwenye maporomoko ya Nabuyole. Mto Nzoia ukijaa maji yanakuwa ya kahawia, lakini povu linawaka vilevile mchana. Saa moja asubuhi jua linapiga uso kutoka ubavuni na povu linatulia. Mteja akitaka saa saba mchana namwambia arudi kesho.

Mwanzilishi wa mada, Kisumu

Dada wa Webuye, kwa mteja wa kawaida umemaliza kazi. Ila anayeteleza mawimbini hapangi saa. Anafuata maji kujaa na kupwa, anafuata upepo wa kusi, na wimbi zuri likija saa sita ni saa sita hiyohiyo.

Kaka wa Nakuru, mwari hana uso mweusi wa kulindwa, ndiyo maana kanuni yako inamfaa. Kwenye faili ghafi la biti 14, lenye maelfu ya viwango vya mwanga kwa kila rangi, stopu ya juu kabisa, ya sehemu angavu zaidi, inachukua nusu ya viwango vyote, inayofuata nusu ya vilivyobaki, na hivyo kushuka. Kule chini uso ulikofukiwa vimebaki vichache. Nenda ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, upige mvuvi akiruka kutoka kwenye boti, umlindie povu, kisha uinue uso wake kwenye kompyuta. Tazama chini ya jicho: ile kahawia yenye wekundu inageuka jivu, na vitone vya zambarau vinatokea kwenye taya. Kamera nzuri ikiwekwa aiso (ISO, kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga) ndogo itavumilia, nakubali. Lakini vijana wengi wanapiga kwa simu, faili ni JPEG, picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa, yenye viwango 256 kwa kila rangi. Hao huwezi kuwaambia wainue vivuli.

Wala sisemi kila kitu kiungue. Ukingo wa wimbi linapovunjika, na mng'ao wa jua kwenye ngozi iliyolowa, viache viungue. Mgongo wa wimbi lazima ubaki na umbo, la sivyo hatujui kijana amesimama juu ya nini. Picha ya Kilifi ilikuwa na mgongo huo.

Waamuzi mnaosoma hapa, naomba mjibu hili moja: mnapokagua povu, ni nani kati yenu anayekagua uso, na ni picha ngapi mmewahi kuziondoa kwa sababu uso umepotea?