Kijiti cha sukari tunacho. Cha saratani kimekwama wapi?

Mwana wa Langoni, Lamu:
Assalaam aleikum. Kila asubuhi humtoboa baba kidole, nikagusisha tone la damu kwenye kijiti cha kupimia sukari, na baada ya sekunde chache namba hutokea. Ami yangu aligunduliwa saratani ya umio wakati hata uji haumpiti. Ikiwa damu hubeba dalili za saratani, kwa nini wahandisi hawajatuundia kijiti kama hiki?

Wa Maabara, Malindi:
Waaleikum salaam, ndugu yangu, na Mungu amjaalie ami yako nafuu. Kijiti hicho kina kimeng'enya kinachofanya kazi juu ya glukosi, na elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, husoma umeme unaotokea. Wazo la kuviunganisha viwili hivyo lilichapishwa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Tatizo ni wingi. Lita moja ya damu ina karibu gramu 1 ya sukari, ilhali PSA, protini ya tezi dume, huanza kutiliwa shaka ikifika takriban mikrogramu 4 kwa lita, yaani imezidiwa na sukari zaidi ya mara 200,000. Tena protini nyingine, albumini hasa, hujigandisha juu ya elektrodi kama vile uchafu wa bahari unavyoshika mashua isiyotiwa deheni, kwa hiyo wahandisi hutumia muda mwingi kutafuta deheni ya elektrodi. Na hata ikinaswa, PSA hupanda pia tezi ikivimba bila saratani.

Mwanafunzi wa Uhandisi, Shela:
Naongezea kuhusu vipande vya DNA ambavyo uvimbe huviachia katika damu. Vikiwa mwilini, nusu yake hutoweka ndani ya saa 2 hivi. Vikiwa katika chupa ya kawaida, damu isipozungushwa mapema kwenye mashine ili seli zitengane na majimaji, seli nyeupe hupasuka na DNA yake huvizamisha vile vichache tunavyovitafuta. Zipo chupa zenye dawa ya kuzihifadhi seli, lakini sisi tunaovuka kwa boti hadi Mokowe ndipo tushike barabara, kitambuzi kinachosomea palepale alipo mgonjwa kingetufaa zaidi.

Mwana wa Langoni, Lamu:
Shukrani sana. Nauliza kwa sababu baba naye siku hizi kila tonge hulisukuma kwa maji.

Wa Maabara, Malindi:
Hilo lisingojee kijiti. Mpeleke wiki hii akaangaliwe umio kwa kamera, na pakionekana kitu, wakate kinyama wakipime.