Mchezo wa wazee waliofukuzwa kwao: tuupeleke vijijini?

Binti Maweni:
Wenzangu, hamjambo. Kila Jumamosi mimi na vijana wanne tunaigiza na wazee kwenye makao fulani nje ya mji wa Malindi. Wengi walitolewa makwao huku Kilifi kwa kuitwa wachawi, na ukichimba kidogo unakuta ni shamba. Mvi tu zatosha. Mzee mmoja alipaka piko miaka mingi kuzificha, na bado wakamfuata usiku.

Nilianza vibaya. Nilimtaka kila mmoja aigize siku aliyotoka kwake. Bibi mmoja wa Ganze akanyamaza, akaingia chumbani, hakutoka hadi alasiri. Wiki ya pili akanijia mwenyewe: "Mwanangu, nipe mimi niwe yule mpwa wangu." Akashika mwiko kama panga, akabisha hodi hewani, akauliza hati ya shamba iko wapi. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Kisha akaketi, akaomba maji.

Wengine hata hawagusi kufukuzwa. Wanaigiza makao yenyewe: foleni ya uji, kuomba ruhusa ya kwenda sokoni na wewe una wajukuu. Sasa mfadhili anataka tuupeleke mchezo vijijini walikotoka. Naogopa.

Mwalimu wa Lamu:
Dada, anzeni hapo hapo makaoni. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, alikuwa na mtindo wake: mchezo unaishia pabaya, unarudiwa, mtazamaji anasema "simama" na kuingia kushika nafasi ya anayeonewa. London, kikundi cha maigizo cha Cardboard Citizens wanautumia na watu wasio na makazi tangu 1991, hadi ndani ya hosteli. Wasimamizi wakae watazame ile foleni ya uji.

Kaka Ganze:
Vijijini waende vijana, wazee wabaki. Ukoo usitajwe, kijiji kibadilishwe jina. Na mchezo useme wazi: Sheria ya Uchawi ya Kenya, tangu 1925, inafanya kumwita mtu mchawi kuwa kosa. Huku kwetu wengi hawajui.

Binti Maweni:
Ahsanteni sana. Bibi amekataa kwenda, ila anamfundisha kijana atakayekuwa mpwa. Anasema kijana anabisha hodi kwa upole mno. Jumamosi hii ni foleni ya uji, na msimamizi amekubali kukaa mbele.