Nimelipa laki sita riwaya yangu ihaririwe, nimerudishiwa mikato na nukta

Wakuu, mtu akikwambia anafanya uhariri wa maudhui, akachukua hela yako, halafu akakurudishia muswada aliobadilisha mikato na herufi kubwa bila hata kuusoma mpaka mwisho, huyo tumwite nani? Mimi namwita mwizi. Jina lake siliweki hapa, lakini kazi yake naieleza yote.

Makubaliano ninayo kwa maandishi. Muswada wangu una maneno kama 80,000, kurasa 300 ukiuchapa kwa nafasi mbili. Bei shilingi 2,000 kwa ukurasa, nusu kabla, nusu siku ya kukabidhiwa. Kazi iliyoandikwa ni "uhariri wa maudhui na muundo, pamoja na ripoti ya tathmini". Sikumwomba anisahihishie tahajia. Tahajia na prufu ni kazi ya mwisho kabisa, inafanywa hadithi yenyewe ikishakaa sawa. Kuna faida gani kunyoosha sentensi za sura ambayo huenda ikabidi itolewe yote?

Ripoti ilikuja ya ukurasa mmoja na nusu. Riwaya ya kurasa 300! Aya ya kwanza inanipongeza kwa "kipaji kikubwa". Ya pili inasema wahusika "wamechorwa vizuri". Ya tatu, lugha "inavutia ila kuna makosa madogomadogo". Futa jina la kitabu changu, weka la kwako, ripoti itabaki ileile. Hakuna sura iliyotajwa kwa namba, hakuna tukio lililojadiliwa. Mahali pamoja tu ndipo alipojaribu kutoa ushauri mahususi, na ndipo alipoumbuka: anataka nahodha wa mtumbwi wa dagaa, baba wa msimulizi wangu, "apewe nafasi kubwa zaidi kuelekea mwisho, ili msomaji aone amejifunza nini maishani".

Nahodha anakufa maji sura ya 9. Riwaya ina sura 22. Kuanzia hapo kitabu chote kinahusu mjane wake anavyodai mgao wa marehemu kwa tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na nani alihusika na kifo kile. Aliyefika hata katikati ya muswada hawezi kuandika sentensi ile.

Lililonikosesha usingizi, hata hivyo, ni sura ya 4. Anayeishi huku Ziwa Victoria anajua dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Mwezi ukipevuka mwanga unatapakaa ziwa zima, taa inakosa nguvu ya kuwavuta, kambi zinalala. Watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wengine wanakwenda makwao kuona familia, wengine wanakunywa kwa kukopa. Riwaya yangu imesimama juu ya siku hizo za mbalamwezi. Ugomvi wa nahodha na tajiri unaanza kwa sababu kambi imelala, hela hakuna, madeni yamefika shingoni, na tajiri hataki kutoa hata ya unga.

Huyu mhariri kaingiza sentensi zake mwenyewe humo ndani. Eti mitumbwi inaelea "chini ya mwezi mpevu uliong'aa kama sahani ya fedha" huku wavuvi wakivuta dagaa tele. Kaweka mwezi mpevu, kaweka na mavuno! Wakivua vizuri usiku ule, wana sababu gani ya kugombana kesho yake? Na wasipogombana, nahodha anakufa kwa nini? Kitabu kizima kimeng'olewa mzizi na sentensi moja ya mapambo.

Kama hakujua mambo ya ziwa, simlaumu kwa hilo. Si kila mhariri amekulia mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Lakini kazi yake ilikuwa kuuliza. Anayejua kazi angeweka swali pembeni: kwa nini hawa watu hawavui siku hizi, na msomaji wa Dodoma ataelewaje? Swali hilo ningelishukuru kwa moyo wote, maana ni kweli msomaji wa mbali anahitaji kufafanuliwa, na ningejua ni wapi hasa pa kuongeza mistari miwili mitatu.

Na mabadiliko hayo hakunionyesha. Alirudisha faili safi, haina alama yoyote ya alipofuta wala alipoongeza. Programu za kuandikia zina sehemu ya kurekodi kila badiliko, mwandishi akalikubali au akalikataa. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza ya uhariri, kwa sababu kitabu ni cha mwandishi. Ilibidi niende steshenari moja hapa Kirumba tulinganishe faili la zamani na jipya kwenye kompyuta, kurasa zikajaa rangi nyekundu. Sehemu kubwa ya nyekundu ile ni mikato. Nyingine ni mazungumzo ya kambini aliyoyanyoosha mpaka huwezi kumtofautisha mvuvi wa kisiwa cha Ukara na karani wa bandari. Faili lile ningelipeleka kwa mchapishaji hivyohivyo, au kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kama nilivyokusudia, mwezi wake mpevu ungekwenda kwa jina langu.

Akashauri pia, kwa ujumbe wa simu, niihamishie hadithi Dar es Salaam maana "ndiko wasomaji waliko". Jamani! Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake huku kisiwani Ukerewe mwaka 1945, kwa Kikerewe, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Euphrase Kezilahabi ni mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe hiyohiyo, na riwaya zake zinafundishwa vyuoni mpaka leo. Mhariri wa riwaya ya Kiswahili asiyejua kwamba ziwa hili limeshatoa vitabu, anahariri nini?

Nilipomwandikia kuhusu nahodha aliyekufa, alinijibu kwamba waandishi chipukizi tuna shida ya kutokubali kukosolewa.

Nikosolewe! Hicho ndicho nilicholipia. Nilitaka aniambie sura zipi zinachosha, wapi siri imevuja mapema, kama mjane ana sababu ya kutosha kurudi kambini sura ya 14. Kuna jambo la msimulizi ambalo nilimwandikia kabisa kwenye barua ya kumkabidhi muswada, nikamwomba alitazame. Anayesimulia ni mtoto wa nahodha, kwa nafsi ya kwanza, lakini sura mbili zinaeleza mazungumzo ya tajiri na polisi ndani ya chumba ambamo mtoto hayumo. Je, sura hizo zisimuliwe na mwingine? Mtoto aje kuzisikia kwa mtu baadaye? Au ziondoke, msomaji abaki na mashaka yaleyale aliyonayo mtoto? Hayo ndiyo mambo ambayo mhariri wa maudhui hukaa na mwandishi kuyapima, na kila jibu linageuza kitabu kwa namna yake. Kwenye ripoti hakuna hata neno moja kuhusu msimulizi.

Laki sita kwa mtu wa Mwanza anayeandika usiku baada ya kazi si hela ya kuokota. Lakini hata angefanya bure ningekasirika. Ukimpa mtu muswada wako wa kwanza unampa mahali pa kukuharibia. Kuna vijana watapokea ripoti kama ile, wataamini kitabu kimekamilika kwa sababu "mtaalamu" kasema wana kipaji, watakopa hela ya kuchapa nakala, na nakala zitawaozea chini ya kitanda.

Nimeshamwandikia rasmi anirudishie laki tatu za awamu ya pili, nilizomtumia kabla sijafungua faili, na nimembainishia ukurasa kwa ukurasa. Majibu yakija nitayaweka hapa.

Wakati huohuo, anayemfahamu mhariri wa kweli wa riwaya za Kiswahili aniunganishe naye. Sitaki tangazo. Nataka kuona ukurasa wako mwenyewe aliouhariri, una maoni yake pembeni, na bei yake kwa ukurasa. Nitampa kwanza sura ya 4 peke yake, ile yangu ya asili, na nitailipia.

Na kama kuna mwingine humu aliyewahi kupokea ripoti yenye "kipaji kikubwa" na wahusika "wamechorwa vizuri", aibandike hapa neno kwa neno tulinganishe na yangu.