Canon 2000D au Nikon D3500? Nisaidieni wakuu

chalii_sakina: Wakuu, habari za leo. Natafuta kamera yangu ya kwanza, nimebaki na hizo mbili. Nichukue ipi? Ijumaa nataka kulipia.

mama_lenzi: Ya kupigia nini? Na mfukoni una ngapi?

mangi_mdogo: Nikon. Betri ikijaa kiwanda wanakadiria picha 1,550, Canon hiyo 500. Umeme ukikatika Marangu kwenye kipaimara utanikumbuka.

mama_lenzi: Mangi, malizia basi. D3500 haina mota ya fokasi kwenye bodi. Lenzi za zamani za Nikon unazungusha kwa mkono. Canon mota iko kwenye lenzi yenyewe, hata mtumba unanunua bila hofu.

picha_za_shughuli: Mtumba bila hofu? Nilinunua bodi ya Canon duka moja hapa mjini, muuzaji anaapa ilikuwa ya mtalii, imeenda safari moja tu. Inang'aa. Send-off Moshi, bibi harusi anaingia na wapambe, MC kashapandisha muziki, nabonyeza: Err 30, yaani shata imegoma. Nazima, natoa betri, narudisha, picha moja, Err 30 tena. Keki nimeipiga kwa simu ya shemeji yake! Fundi kuichomeka kwenye kompyuta, shata imeshafyatua zaidi ya laki moja. Muuzaji ananionyesha risiti: kilichouzwa hakirudishwi. Advansi ya watu nimerudisha. Nikon angalau hiyo idadi unaisoma kwenye taarifa za faili la picha yenyewe.

njiro_moja: Simu yangu inazishinda zote hizo.

mama_lenzi: Kapige chui juu ya mti Tarangire kwa hiyo simu, utuletee tuone.

chalii_sakina: Samahanini, nilikuwa kazini. Naanza kuongoza wageni, kwa hiyo ni wanyama na ndege. Nina milioni moja na nusu.

mangi_mdogo: Si ungesema! Kwa lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, heroe wa maziwa ya Momella watatoka vidoadoa vya pinki. Tafuta 70-300, ya kuvuta mbali.

picha_za_shughuli: Abadilishe lenzi kwenye vumbi, gari liko wazi juu? Achukue Lumix FZ82. Lenzi haitoki, inavuta mara 60, mpaka 1200mm.

mama_lenzi: Na kihisi chake kidogo vile? Jua likizama ni chengachenga tupu, na simba ndiyo kwanza wanaamka.

mangi_mdogo: Kwa mlima hata 18-55 inatosha. Njoo Moshi alfajiri, mawingu hayajapanda.

njiro_moja: Mlima gani? Meru tunao hapa dirishani.

mangi_mdogo: Ule mtoto wa Kili? 😂

njiro_moja: Mtoto wa mita 4,566? Panda kwanza ndiyo uje kuongea.

usariver_dili: Nina lenzi ya Canon 75-300, naiuza, ipo Usa River. Njoo PM.

mama_lenzi: Ile isiyotuliza mtikisiko? Kwenye Land Cruiser yenye wageni sita? Hapana.

usariver_dili: Dada usiniharibie biashara.